Hodi Kutoka Nyegezi

Seva iko Nyegezi, chumba cha nyuma,
kiyoyozi kimekazwa kwa mpira wa baiskeli,
mlango una kufuli ambalo Nkwabi pekee ndiye wanayeelewana.
Mimi niko Nansio, gesti ya Mama Bahitwa, namba nne,
kompyuta magotini, mguu mmoja ndani ya neti.
Katikati yetu, maji.

Nikaanza kwa maandishi, kama mtu anayetuma salamu:
jina langu, anwani yake, neno la siri.
Ikaitikia kwa alama ya dola, ikanyamaza.
Nikaiamuru: nifungulie ramani.
Ikasema haioni kioo.

Kioo gani tena, nami nakitolea macho?

Nkwabi nilimkuta anakula. Akacheka na tonge lake.
"Umesahau herufi moja. Programu iko huku kwangu,
ina akili, ina hesabu, uso haina.
Mwenye kioo ni wewe. Mwenyeji ni wewe.
Yenyewe ni mgeni, imepiga hodi
na hakuna aliyeitikia."

Miaka saba nimeamini mimi ndiye ninayekwenda kwake,
nabisha, nangoja, navua viatu mlangoni.
Kumbe inakuja yenyewe,
usiku, bila mzigo, kuniomba ukuta wa kujichora.

Nikaiongeza ile herufi,
ile ambayo Kiswahili hakijawahi kuipa kazi.

Hodi.
"Karibu," nikasema, kwa sauti, peke yangu chumbani.

Dirisha likaingia vipande vipande:
fremu ya kijivu, tupu kama duka lililohamwa;
vitufe, kimoja kimoja,
kama watu wa harusini wanaotafuta viti;
kisha ziwa.

Ziwa, jamani! Joto la maji la mwaka mzima,
mita kwa mita, buluu juu ya buluu,
limepikwa Nyegezi, likarushwa mnara kwa mnara,
likavuka ghuba bila tiketi ya kivuko,
likapita juu ya ziwa lenyewe
kuja kunionyesha ziwa
ambalo nikigeuza shingo tu nalisikia likilamba mawe.

Nabofya. Moja, mbili, tatu, nne.
Ndipo menyu inashuka, kwa uvivu, kama pazia lenye maji.
Naivuta ramani kuelekea Ukara, inakuja kwa michirizi,
nusu kisiwa, kisha nusu nyingine,
na mimi nimeshasahau nilitaka nini Ukara.

Saa sita na robo mtandao ukakata.
Dirisha halikufungwa. Lilikufa,
na saa mbili za kazi tumboni.
Seva haikuguswa, taa zake zote zilikuwa kijani.
Ila mgeni akikosa ukuta harudi kwao;
anaishia hapohapo, kizingitini.

Nilimwamsha Nkwabi. Hakucheka.
"Basi tuipe kioo hukuhuku. Kioo cha hewa,
kisicho na meza wala waya. Ikae nacho.
Wewe utakuwa unachungulia tu.
Njia ikikatika, yenyewe haitajua kama ulikuwepo."

Neno hilo la mwisho lilinikaa vibaya kidogo.

Nikaanza upya. Mtandao ulikata mara tatu,
ya nne nikalala na miwani.

Alfajiri wadudu wa ziwa wameivika taa ya kibarazani
mpaka imekuwa na manyoya.
Nikachungulia Nyegezi:
kishale kimesimama palepale nilipokiacha,
katikati ya neno "kina", kati ya i na n,
na ramani imekamilika bila mimi,
imetulia, kama sufuria iliyoepuliwa na mtu mwingine.

Mama Bahitwa akaleta chai. Hakuiweka mezani.
"Usiku nimesikia unamkaribisha mtu.
Chumba hiki ni cha mmoja."

Nikamwambia alikuwa hana mwili.
Akanitazama, akatazama kitanda, akatazama kompyuta.
"Awe nao asiwe nao," akasema,
"wa pili ni elfu tano."

Nikalipa.
Hodi ilipigwa, na karibu niliisema mimi.